Sura ya Saba: Kioo cha Pili Safarini

Adhuhuri ya Kiseke, hapa Mwanza, haina huruma kwa kioo cha kompyuta. Mji wa Mwanza umekaa kusini ya Ikweta kwa nyuzi mbili na nusu tu, katika mwinuko upitao mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na katika mwezi wa Machi na mwishoni mwa Septemba jua hupita utosini, likapiga mabati ya nyumba zilizojengwa na uliokuwa mfuko wa pensheni wa PPF, likapiga lami ya barabara itokayo Sabasaba kwenda Buswelu, likapiga majabali yaliyoupa mji huu sifa yake ya mji wa mawe. Na kila kilichopigwa hurudisha fungu lake la nuru, hata mtu aliyeketi barazani chini ya paa, akiamini kwamba yumo kivulini, huwa kwa hakika amezungukwa na mwanga kutoka pande zote nne. Katika baraza ya namna hiyo nimefanya kazi ya kufasiri na kuhariri vitabu kwa miaka mingi, na hapo ndipo nilipotambua kwamba swali la kioo cha kubeba, ambalo wauzaji hulijibu kwa kutaja ukubwa na bei, hujibiwa kwanza na mahali, na kwamba mnunuzi asiyepafahamu mahali pake hununua kwa kubahatisha, ijapokuwa ana fedha za kutosha mkononi.

Haja yenyewe ni kongwe kuliko chombo. Kazi yangu ni ya kurasa mbili, asili upande wa kushoto na tafsiri upande wa kulia, na katika zama za karatasi kurasa hizo zilikaa mezani bega kwa bega bila ya mtu kuona ajabu. Kompyuta mpakato ilipokuja ilitupa uhuru wa kuhama na kazi zetu, lakini ilitunyang'anya meza ikatubakishia dirisha moja, tukawa tunaifunua asili, tunaifunika, tunaandika mstari, tunaifunua tena, na katika kule kufunika na kufunua jicho huruka, neno hupotea, na mfasiri aweza kuacha sentensi nzima nyuma yake asiwe na habari. Wahasibu hupatwa na jambo hilohilo kwa tarakimu. Wakulima wa pamba wa Usukuma walilielewa kabla kompyuta hazijafika huku: mwanzoni mwa miaka ya 1950, walipochoka kupunjwa katika mizani za wanunuzi, waliweka wapimaji wao wenyewe, ili kila mzigo uwe na hesabu mbili, na hizo mbili zikae mbele ya macho kwa pamoja, na kutokana na juhudi hizo, chini ya uongozi wa Paul Bomani, likaasisiwa mwaka 1955 Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria. Kwangu mimi kioo cha pili ni ile meza yetu ya zamani iliyorudishwa, na kwa sababu hiyo sikihesabu kuwa ni anasa.

Mwaka huu binti wa kaka yangu, ambaye ni mhasibu na huzunguka kwa kazi hiyo katika vyama vya ushirika vya Sengerema, Geita na Ukerewe, alinijia jioni moja akiwa na mfuko wake wa begani uliojaa madaftari.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Karibu kiti, upumue."

Hakupumua. "Baba mdogo, nataka kununua kioo kama hicho chako. Nitafute cha kampuni gani?"

"Kampuni tutaifikia. Kwanza nitajie mahali patatu utakapokiweka."

Akafikiri kidogo, akanitajia: meza ya ofisi ya chama cha msingi huko Sengerema, iliyo chini ya dirisha lisilo na pazia, benchi la meli iendayo Nansio kisiwani Ukerewe, ambako safari humchukua saa kadhaa naye hapendi zipotee, na chumba cha gesti chenye soketi moja ya umeme, iliyo nyuma ya kitanda. Zamani angeongeza na mahali pa nne, yaani kiti cha gari katika foleni ya kivuko cha Kigongo, ambako watu wengi wa kazi za karatasi walifungua kompyuta zao wakisubiri zamu. Lakini tangu Daraja la J. P. Magufuli, lenye urefu wa takriban kilomita 3, lilipofunguliwa mwezi wa Juni 2025, wasaa ule umekwisha, na gari huvuka kabla mtu hajakumbuka nywila yake. Katika mahali pake patatu palikuwamo mambo yote manne yanayostahili kupimwa, ambayo ni nuru, nafasi, umeme na waya. Na ingawa wauzaji hupenda kuanza na nafasi, mimi huanza na nuru, kwa kuwa kioo kisichoonekana hakina ukubwa wowote.

Mwangaza wa kioo hupimwa kwa kipimo kiitwacho niti. Vioo vingi vya kubeba vya bei ya kati hutoa niti 250 au 300, na muuzaji akikuwashia kimoja ndani ya duka lenye taa za kawaida utakiona kiking'aa kama mwezi wa kumi na nne, kwa maana nuru ya chumba cha kazi, ambayo hupimwa kwa laksi, ni kadiri ya laksi 500 tu. Kitoe nje: kivuli cha mchana wa wazi kina laksi 10,000 na zaidi, na jua lenyewe hufika laksi 100,000, yaani mara mia mbili ya nuru ya ofisi ile. Hapo kioo cha niti 250 hufifia hata maandishi ya kijivu yakatoweka kabisa, na cha niti 300 huvumilia kivuli kizito lakini hushindwa na kivuli chepesi. Chenye niti 400 au 500 hufaa baraza iliyo wazi upande mmoja. Na atakaye kusoma juani moja kwa moja atafute cha niti 1,000 au zaidi, ambacho ni ghali, hula umeme mwingi, na kwa maoni yangu hakina haja kwa mtu awezaye kusogeza kiti chake. Kwa meza ya Sengerema nilimwambia asishuke chini ya niti 400, na kwamba akibanwa na bei apunguze lolote jingine kabla ya kupunguza hilo.

Lakini niti ni nusu ya habari. Nusu ya pili ni uso wa kioo, maana kuna vioo vyenye mng'aro kama wa maji yaliyotulia, na vingine vilivyokwaruzwa kifundi kwa mikwaruzo midogo mno hata mwanga unaovifikia hutawanyika badala ya kurudi kama picha. Vile vya mng'aro vina rangi za kupendeza, hasa vya aina ya OLED, ambavyo kila nukta yake huwaka na kuzimika peke yake hata weusi ukawa weusi kweli. Kwa mpiga picha anayefanya kazi ndani ya chumba ni chombo adhimu. Kwa dirisha lisilo na pazia ni adhabu. Siku ya kwanza nilipoweka kioo cha mng'aro barazani kwangu niliona katikati ya ukurasa doa kubwa jeupe lililofunika aya mbili, nikalifuta kwa kitambaa, lisitoke, nikakisogeza kioo, likasogea nacho. Hata nikainua mkono kujikuna ndipo doa nalo likainua mkono. Lilikuwa shati langu jeupe. Tangu siku hiyo, nikiwa na kazi ya nje, huvaa shati la rangi ya giza, na shauri hilo ambalo halina gharama nimewapa watu wengi ambao hawakuwa na fedha za kubadili kioo.

Kwa hiyo kioo kijaribiwe mlangoni pa duka, uso wake ukielekea barabarani, saa sita za mchana kama yawezekana, naye mnunuzi asimame mahali atakapokuwa ameketi, kisha asogee hatua moja kulia na hatua moja kushoto. Kwa nini asogee? Kwa sababu mhasibu wa ushirika hakai peke yake: ubavuni pake huketi mwenyekiti au mtunza hazina, ambaye naye ana haki ya kuziona tarakimu za wanachama wake kama zilivyo. Vioo vya aina ya IPS, iliyoanza kuuzwa katikati ya miaka ya 1990, huonyesha picha ileile kwa aliye mbele na aliye pembeni, ilhali vile vya zamani vya TN hugeuza rangi na kufifia ukivitazama kwa ubavu. Neno hilo IPS huandikwa katika boksi, na lisipoandikwa hatua mbili za mlangoni zitatoa ushahidi.

Nafasi tuliipima kwa kisu na boksi tupu la sabuni. Inchi za kioo ni urefu wa mstari wa kutoka pembe hadi pembe, na urefu huo hauelezi upana wala kimo, kwa hiyo nilikata vipande viwili kwa vipimo kamili: kimoja cha sentimita 31 kwa 17.4, ambacho ndicho kioo cha inchi 14 cha umbo refu la kawaida, na kingine cha sentimita 34.5 kwa 21.5, ambacho ndicho kioo cha inchi 16 cha umbo lenye kimo zaidi. Nikaviweka mbele yake juu ya meza ya barazani, kimoja baada ya kingine, kando ya kompyuta yake mpakato yenye upana wa sentimita 33, nikamwomba akumbuke meza ya gesti ya Nansio.

"Meza ile ni nyembamba, baba mdogo. Hiki kikubwa kitaning'inia."

"Na mfukoni?"

Akavitia mfukoni mwake, pamoja na madaftari. Kile cha inchi 14 kiliingia kikalala. Cha inchi 16 kilitoa pembe nje, na mfuko haukufungika.

Mimi ninatumia cha inchi 16, na sitakibadili, kwa sababu ambayo wafasiri wenzangu wataithamini: kikisimamishwa wima hupata upana wa sentimita 21.5 na kimo cha 34.5, na karatasi ya A4 ina sentimita 21 kwa 29.7, hivyo ukurasa mzima wa kitabu cha ofisini hukaa ndani yake kwa ukubwa wake halisi, bila ya kupunguzwa hata herufi moja, na chini hubaki ukingo wa kuandikia maelezo. Kioo cha inchi 15.6 cha umbo refu, ambacho ndicho kilichojaa madukani, kikisimamishwa hivyo hupata upana wa sentimita 19.4, na ukurasa hulazimika kupungua. Tofauti ya sentimita mbili huonekana kuwa ndogo kwa asiyesoma kurasa mia moja kwa siku. Lakini hesabu za binti yangu ni pana wala si ndefu, safu zake hukimbia kutoka kushoto kwenda kulia, na mzigo wake umekwisha kuwa mzito. Kwa hiyo tulikubaliana kwamba kilicho bora kwangu si bora kwake, akachagua inchi 14.

Kuhusu uzito, kizazi chetu kimepewa neema isiyosemwa vya kutosha. Kompyuta iitwayo Osborne 1, iliyotoka Marekani mwaka 1981 na kupata soko kubwa kwa sababu ya kubebeka, ilikuwa na zaidi ya kilo 10 na kioo cha inchi 5, na waliokuwa nayo waliiona kuwa nyepesi. Kioo cha Lenovo kiitwacho ThinkVision M14, cha mwaka 2019, kina inchi 14 na gramu 570. Kile cha Asus cha ZenScreen cha mwaka 2017, cha inchi 15.6, kina gramu 780. Wepesi huo umetokana na vimiminika vya ajabu ambavyo Friedrich Reinitzer, mwanabotania wa Austria, alivigundua mjini Prague mwaka 1888 alipokuwa akichunguza kolesteroli iliyotokana na karoti, akaona kitu kikiyeyuka mara mbili, kwanza kikawa cha ukungu, kisha kikawa safi. Hakuwa akitafuta kioo wala taa. Zikapita karibu miaka mia moja kabla ya ukungu ule kuwa uso wa kusomea.

Idadi ya nukta nitaipita kwa haraka, kwa kuwa hapo wauzaji husema mengi kuliko jambo lenyewe. Nukta 1,920 kwa 1,080 katika inchi 14 ni nukta 157 kwa kila inchi, na herufi husomeka safi kabisa. Kioo chenye mara nne ya nukta hizo huongeza bei na ulaji wa umeme, na jicho la mtu aliye umbali wa mkono mmoja hupata faida ndogo. Jambo la mguu ni kubwa zaidi. Vioo vingi husimama kwa kifuniko cha kukunja chenye sumaku, ambacho juu ya meza tulivu ni murua, lakini juu ya benchi la meli, injini inapotetemesha mbao, hujikunjua kidogo kidogo hata kioo kikalala chali katikati ya kazi. Atakayevuka ziwa atafute chenye mguu wa chuma uliojengwa mgongoni, wenye bawaba ngumu, naye auinamishe na kuusimamisha mara kadhaa dukani ili ausikie mkononi.

Sasa umeme, ambao katika gesti yenye soketi moja ndio uamuzi wenyewe. Kioo cha kubeba hakina betri kwa kawaida; hunyonya kutoka kwenye kompyuta kupitia waya uleule uletao picha, na hula kadiri ya wati 8. Tuchukue kompyuta yenye betri ya wati-saa 50, inayotumia wati 10 katika kazi ya maandishi: peke yake itadumu saa tano. Ukiitwisha kioo, ulaji huwa wati 18, na saa tano hugeuka kuwa chini ya saa tatu. Hesabu hii nimeiona ikiwashangaza watu waliosafiri kwa matumaini, wakazimikiwa na kompyuta katikati ya mkutano. Dawa ya kwanza ni kushusha mwangaza wa kioo usiku, kwani taa ya nyuma ndiyo mlaji mkubwa. Dawa ya pili ni pawabenki: yenye mAh 20,000 ina wati-saa 74 hivi, na hata robo yake ikipotea katika kugeuza umeme, zitakazobaki zitalisha kioo peke yake kwa karibu saa saba. Ukubwa huo pia haukatazwi ndani ya ndege, maana kikomo cha kawaida cha mashirika ni wati-saa 100, ikiwa imebebwa mkononi na si katika mizigo ya chini.

Dawa ya tatu ndiyo niipendayo kwa soketi moja. Kichaguliwe kioo chenye matundu mawili ya Type-C, kinachoweza kupokea chaja katika tundu moja na kuupitisha umeme ule kupitia tundu la pili hadi kwenye kompyuta. Hapo chaja moja ya wati 65, iliyochomekwa nyuma ya kitanda, hulisha vyombo vyote viwili kwa mpigo. Si kila kioo chenye matundu mawili hufanya hivyo, na muuzaji hapaswi kuaminiwa kwa kauli tupu: chomeka chaja katika kioo, unganisha kompyuta, utazame kama alama ya betri yake inaonyesha kupokea umeme.

Limebaki la waya, nami nalisimulia kwa uchungu. Miaka kadhaa iliyopita nilikwenda Nansio kukaa siku tatu na mwandishi mmoja mzee, tupitie mswada wake kifungu kwa kifungu, yeye akiwa na nakala yake katika kioo cha pili na mimi na masahihisho yangu katika kompyuta. Waya wangu ulikuwa umepotea wiki ile, nikanunua mwingine katika duka moja la mjini, ambako kijana aliniambia, bila shaka kwa nia njema, kwamba waya wa Type-C ni waya wa Type-C, wote ni mamoja. Tulipofungua vyombo kioo kiliwaka, kikaandika kwamba hakuna mawimbi, kikazimika. Tukageuza ncha, kikafanya vilevile. Na kwa siku tatu yule mzee, ambaye macho yake hayana nguvu, alilazimika kuinama begani kwangu kusoma maneno yake mwenyewe. Aliinama bila ya kulalamika, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi.

Sababu yake ni hii. Tundu la Type-C lilitangazwa mwaka 2014, na mwezi wa Septemba mwaka huohuo chama cha VESA kikatangaza njia ya kupitisha picha za DisplayPort ndani yake. Lakini ncha za waya zikifanana kwa sura, ndani nyuzi hazifanani. Waya wa kuchajia simu huwa na nyuzi za umeme na zile chache za data ya mwendo wa polepole, ilhali picha huhitaji jozi za nyuzi za kasi ambazo katika waya rahisi hazikuwekwa kabisa. Kwa hiyo umeme hupita, taa huwaka, na picha haina njia. Hali kadhalika matundu ya kompyuta: mengine ni ya data na chaja tu, na lile lipitishalo picha aghalabu huwa na alama ya herufi D na P zilizoshikana, au ya radi ndogo, pembeni mwake. Mtu ambaye kompyuta yake haina tundu hilo asikate tamaa. Atumie waya wa HDMI kwa picha na waya wa pili kwa umeme, mradi kioo kina tundu dogo la HDMI, na vingi vinalo. Simu nazo ni vivyo hivyo: iPhone tangu toleo la 15, la mwaka 2023, na simu za juu za Samsung hutoa picha kwa Type-C, lakini simu nyingi za bei nafuu hazitoi, hata zikiwa na tundu lenye umbo lilelile. Waya wangu wa picha sasa nimeufunga uzi mwekundu katika ncha zote mbili, nao haukopeshwi mtu kwa kuchaji simu.

Na asiye na fedha za kioo kipya? Katika Makoroboi, mtaa wa Mwanza uliopata jina lake kwa vile vibatari ambavyo mafundi walivitengeneza kwa makopo yaliyotupwa, nimemwona fundi akitoa kioo kizima katika kompyuta mpakato iliyokufa ubao wake, akakigeuza, akasoma namba iliyobandikwa mgongoni, akatafuta kijibao cha kuendeshea chenye kuafikiana na namba ile, akaunganisha utepe wake mwembamba kwa ncha ya kucha, kwa upole wa mtu anayemvisha mtoto mchanga, kisha akatia HDMI na umeme. Kioo kilichokuwa taka kikawaka. Nilisimama pale nikafurahi kupita kiasi cha haja yangu. Chombo cha namna hiyo hufaa sana juu ya meza ya nyumbani au ya duka, kwa gharama ndogo. Safarini sikishauri, kwa kuwa kioo kilichozoea kulindwa na kifuniko cha kompyuta hubaki kitupu, na utepe ule hauvumilii mitikisiko ya barabara, na tena vijibao vingi huhitaji volti 12 ambazo pawabenki ya kawaida haitoi.

Tulikwenda dukani pamoja siku ya Jumamosi. Binti yangu alikitoa kioo mlangoni, akasimama, akaenda kulia, akaenda kushoto. Akafungua ukurasa mweupe mtupu, kisha mweusi, kisha mwekundu, kijani na buluu, akitafuta nukta zilizokufa, akaona moja katika kioo cha kwanza, karibu na pembe, akakirudisha bila ya ugomvi, na muuzaji akamletea cha pili. Akachomeka chaja yake. Alama ya betri ikaonyesha kupokea. Akauliza dhamana ni ya muda gani na hudaiwa wapi, hapa Mwanza au Dar es Salaam, kwa sababu dhamana inayodaiwa Kariakoo humgharimu mtu wa ziwani nauli ya basi na juma zima la kungoja. Akaandikiwa risiti yenye namba ya kioo. Nilikuwa nimejiandaa kusema mawili matatu, nikayameza.

Juma lililofuata alikuwa Nansio, na usiku akanipigia simu. Haukuwa usiku wa mbalamwezi, na kutoka dirishani mwa gesti, aliniambia, aliona taa za wavuvi wa dagaa zimetanda ziwani kama mji mwingine. Umeme ulikuwa umekatika, naye alikuwa akifanya kazi kwa pawabenki, daftari la mizani upande mmoja na daftari la malipo upande wa pili. Kisha wakaja wale vijidudu wa ziwani, ambao huzuka kwa maelfu na kufuata mwanga wowote, na kwa kuwa chumba kizima kilikuwa giza mwanga pekee ulikuwa wake.

"Wamejaa juu ya kioo, baba mdogo. Nikiwafuta wanaacha michirizi."

Nikamwambia asiwafute wakiwa hai wala wakiwa wabichi. Ashushe mwangaza hadi robo, ageuze mgongo wa kioo kuelekea dirishani, na ile tochi ya simu aiwashe aiweke sakafuni karibu na mlango, nao watahamia huko. Asubuhi, wakishakauka, awapukute kwa kitambaa laini kikavu, kutoka juu kwenda chini, bila ya kukandamiza, na michirizi itakayobaki aipitishie kitambaa chenye unyevu mdogo wa maji safi, kioo kikiwa kimezimwa. Akanyamaza kidogo, nikamsikia akisogeza meza, kisha akaanza kunisomea kilo za pamba, safu ya kwanza na safu ya pili, ili nami nisikilize kama zinalingana.